Siku tano za mafunzo ya kuongoza tiba ya kikundi hapa Mwanza: mazoezi nawapa 5 kati ya 5, kilichofuata baada ya cheti nawapa 2

Wenzangu kazini wameniuliza sana kama yale mafunzo ya kuongoza vikundi vya tiba niliyoenda Mwanza yana thamani ya hela niliyotoa, na kila nikijibu kwa simu naishia kueleza nusu, kwahiyo ngoja niandike yote hapa mara moja. Jina la taasisi sitaliweka mana kuna mambo nitawakosoa na nia yangu sio kumharibia mtu kazi, nataka tu yeyote anayefikiria kulipia kozi ya aina hii, iwe yao au ya wengine, ajue cha kuangalia kabla hajatuma hela.

Mi ni muuguzi, niko CTC, yani kliniki ya wanaoishi na VVU, ya kituo cha afya wilayani, huu mwaka wa tisa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ushauri nasaha. Tuna kikundi cha akina mama kinakutana kila Alhamisi. Ukikaa nao unaona kabisa kwamba mtu haachi dawa kwa sababu dawa hazipo, dawa zipo na ni bure, anaacha kwa sababu haoni sababu ya kuamka asubuhi. Na mi nlikuwa nakiongoza kile kikundi kwa jinsi nlivyojua: naingia, tunasalimiana, nafundisha mada ya siku, nauliza kuna swali, wananiambia hakuna, tunapiga makofi matatu ya kilo, watu wanaondoka. Miaka mitano nimefanya hivo nikiamini hiyo ndo tiba ya kikundi.

Kabla ya hii kozi nlishawahi kwenda semina nyingine ya siku tatu, slaidi mwanzo mwisho, tukaandika hatua za kikundi kwenye madaftari, tukapewa vyeti, nikarudi kwa wale mama nikiwa vilevile kabisa. Kwahiyo safari hii nlienda nimejiandaa kukatishwa tamaa.

Kinachofundishwa ni ile tiba inayoangalia mahusiano ya mtu na watu wake, wengi wanaiita IPT ya kikundi. Ilianzia Marekani miaka ya 1970 kwa akina Gerald Klerman na Myrna Weissman, ikiwa ya mtu mmoja mmoja, baadae ikageuzwa ya kikundi, na mwaka 2016 WHO wakatoa mwongozo wake wa mikutano 8 ambao unapakuliwa bure kabisa. Wazo lake ni jepesi kulisema: sonona ya mtu mara nyingi imefungamana na kitu kimoja kati ya vinne, amefiwa, ana ugomvi na mtu wake wa karibu, maisha yake yamebadilika ghafla, au yuko mpweke. Mnakaa watu wachache, mnatafuta cha kwako ni kipi, halafu kikundi kinakusaidia kukifanyia kazi. Kulisema ni rahisi, kulifanya ndo kuna kazi, na hapo ndo mazoezi yao yanapoingia.

Tulikuwa watu 18. Wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa malezi wawili, mchungaji mmoja mtu mzima, na dada mmoja anayefanya kazi na mabinti wa kule visiwani. Mwalimu wetu mkuu alikuwa mama wa Bukoba, mtu mzima, anaongea taratibu mpaka mwanzoni nlidhani anaumwa. Siku ya kwanza asubuhi yote ilikufa kwenye ufunguzi, mgeni rasmi kachelewa, tumekaa kwenye viti vilivyopangwa kama darasani tunasubiri, saa sita ndo tunaanza. Mama alivyoingia kitu cha kwanza alituambia tunyanyuke tubebe viti wenyewe tutengeneze duara, na akakataa meza zote, hata ya kwake. Kuna kaka alitaka kubaki nyuma kidogo ya duara kwa sababu ya nguzo, akamwambia hapana baba, sogeza, mtu asiyeonekana usoni hayupo kwenye kikundi. Tukasogeza duara zima ili nguzo ibaki nje. Sa hivi na mi hicho ndo kitu cha kwanza nafanya kila Alhamisi.

Zoezi la uzi nitalieleza kwa kirefu mana ndo lililonibadilisha. Alikuja na donge la uzi wa kufumia, wa bluu. Tukagawanywa duara mbili za watu tisa tisa, mmoja anaongoza, tunajadili kitu chochote, sisi tulipewa "kuhamia mahali ambapo humjui mtu". Kila anayeongea anamrushia donge yule anayemwambia, huku ameshika mkia wa uzi. Dakika kumi. Nikawa mi ndo kiongozi wa kwanza. Kwenye akili yangu nlikuwa naongoza vizuri sana, nauliza swali, mtu ananijibu, namshukuru, nauliza mwingine, namshukuru. Dakika kumi zilipoisha mama akasema msiachie, angalieni chini. Nyuzi zote zimetoka kwangu na zimerudi kwangu. Mikono yangu imezongwa uzi mpaka vidole vinabana, wenzangu nane kila mmoja ameshika kauzi kamoja tu, na kati yao wao kwa wao hakuna hata uzi mmoja uliopita. Hata mmoja.

Hakunisema. Aliuliza tu kikundi, mnaona nini, na yule kaka wa nguzo, ambaye kumbe kwao Ukerewe na amekulia kwenye mitumbwi, akasema hii ni mishipi, kila mtu na ndoano yake, mvuvi mmoja kaishika yote. Mama akasema haya, sasa nataka wavu.

Tukarudia mara tatu. Kazi ya kiongozi ikawa mtu akikuambia kitu wewe, unaupeleka kwa mwingine. Sio kwa kulazimisha, ni vitu vidogo kama kumwambia "mama, naona wakati dada anaongea ulikuwa unatikisa kichwa", halafu unanyamaza. Au hata huongei, unageuza tu macho yako kutoka kwa anayeongea ukamtazama mtu wa upande wa pili, na anayeongea anafuata macho yako bila kujua. Hii ya macho sijawahi kuisoma popote na inafanya kazi kuliko maneno yote. Mara ya tatu uzi ulikuwa umekatiza katikati kila upande, mtu akivuta kidogo duara zima linahisi, na ule mjadala wenyewe ulikuwa umeshakuwa wa kweli mpaka tukasahau kwamba tunafanya zoezi. Nlikaa pale nikawa nawafikiria wale mama zangu. Miaka mitano yote nimekuwa nashika mishipi.

Siku ya pili asubuhi ndo akatueleza habari ya Masaka na Rakai, na nampongeza kwa kutotuanzia nayo siku ya kwanza mana tusingeielewa. Hizo wilaya ziko Uganda, ukivuka mpaka wa Mutukula tu umekaribia. Mwaka 2002 watafiti walifanya utafiti kwenye vijiji 30, nusu wakapata vikundi kwa wiki 16, nusu wakaendelea na maisha yao kawaida, ukachapishwa 2003. Waliopata vikundi, kabla 86% walikuwa na sonona, baadae wakabaki 6.5%, na wale wasiopata bado 54.7% walikuwa nayo. Na walioongoza vikundi hawakuwa wanasaikolojia wala madaktari, ni watu wa kulekule wanaojua lugha, waliofundishwa kwa wiki mbili. Shikilia hiyo ya wiki mbili, nitairudia.

Ila kilichonigusa sio asilimia. Ni kwamba wale watafiti kwanza waliuliza watu vijijini, hii hali nyie mnaiitaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa, yani kujichukia, na okwekubazida, kujihurumia, wakaanzia hapo. Mama anakijua Kiganda, akayatamka, halafu akagawa kadi tupu akasema haya, wagonjwa wenu wanasemaje, na ni marufuku kuandika sonona. Kadi zikabandikwa ukutani: mawazo, moyo umechoka, roho imekufa, sijioni mtu, niko niko tu, dunia imenipa mgongo. Ukuta ulijaa. Hiyo "niko niko tu" nimeisikia kwa wagonjwa labda mara mia mbili na sikuwahi kuiandika kwenye faili la mtu, mana nlikuwa naona ni jibu la salamu.

Mchana wake tukaingia kwenye zoezi la ukimya, na hapa naomba mnisome taratibu. Mnakaa wawili wawili. Mmoja anasoma kadi yenye maneno ya mtu wa kubuni, mwingine anasikiliza, halafu anakaa dakika mbili bila kusema neno, anamtazama tu mwenzie kwa upole, asiangalie simu wala chini. Mwenzangu alikuwa mhudumu wa afya wa Sengerema, kaka mtulivu sana. Kadi yake inasema "tangu mwanangu afariki sijaingia chumba alichokuwa analala". Mama yuko pembeni na saa ya simu. Sekunde ya 11 nikasema pole sana kaka yangu, Mungu ndiye mpaji. Ilitoka yenyewe, sikuamua.

Akaja akachuchumaa katikati yetu akaniuliza, hiyo pole umempa yeye au umejipa wewe?

Nlikosa jibu. Akatuambia wote kwamba pole ni neno zuri na hatuambii tuliache, sisi bila pole hatuwezi kuishi, lakini pole ikitolewa mapema inafunga mlango, mtu anajibu "nimeshapoa" na mazungumzo yamekwisha, si ndo tulivyofundishwa tangu utoto, ukipewa pole lazima useme umepoa. Nimelifikiria hilo neno mpaka leo. Kweli kabisa, nani amewahi kupewa pole akajibu "bado sijapoa"? Kisha akaandika ubaoni maneno ambayo kwa siku zote tano hayaruhusiwi ndani ya duara: jikaze, usilie, yatapita, mshukuru Mungu, hata mimi, wenzio wana makubwa zaidi, ungefanya hivi. Watu waliguna. Mchungaji akasema sasa nitaongea nini, na alikuwa anauliza kweli.

Mara ya pili nlifika karibu nusu dakika. Mara ya tatu nikakaa. Dakika moja na ushee hivi yule kaka wa Sengerema, macho yako chini, akaongeza kitu ambacho kwenye kadi hakikuwepo, akasema "ufunguo natembea nao mfukoni". Yani aliingia kwenye yule mtu kabisa akamtafutia ufunguo, kwa sababu tu nlimwachia nafasi. Ningesema pole nisingeusikia huo ufunguo.

Zoezi la kadi za tabia litakuwepo karibu kozi zote kwahiyo sitalirefusha: unachota kadi, wewe ndo muongeaji asiyenyamaza, au mkimya, au anayempa kila mtu ushauri, anayekuja kachelewa, anayepinga, na kiongozi hajui nani ana nini. Duara la ndani wanaigiza, la nje wanaangalia na fomu mkononi. Kilichokuwa tofauti kwao ni hiyo fomu. Imetoka kwenye mfumo wa WHO na UNICEF wa kupima ujuzi wa watoa huduma, unaitwa EQUIP, na hauandiki "vizuri" wala "jitahidi", una ngazi nne na ya chini kabisa maana yake ni kwamba ulichofanya kinaweza kumdhuru mtu. Mwalimu mmoja wa malezi alimwambia mwenye kadi ya kulia "nyamaza kwanza tumsikilize mwenzako", akapewa ngazi ya kwanza mbele yetu sote, akaumia sana, mchana hakula. Kesho yake akaomba arudie lile zoezi kwa hiari yake, na safari hii akamsogelea tu yule anayelia akamwambia "tuko na wewe, tunaweza kusubiri". Ngazi ya tatu. Kupima namna hii kunauma ila naona ni haki, mana huko nyuma tumepewa vyeti bila mtu hata mmoja kutuangalia tukifanya kazi.

Zoezi la kona nne nalo lina utamu wake. Kila kona ya ukumbi ni tatizo moja kati ya yale manne, mnasomewa kisa, unatembea kwenda kona unayoona inafaa. Kisa cha mama ambaye mume wake alienda machimbo Geita akaoa mke mwingine na sasa hatumi hela kilitugawa vibaya, wengine ugomvi, wengine mabadiliko ya maisha, dada wa visiwani yeye akasimama peke yake kwenye upweke na akakataa kutoka. Tulibishana nusu saa nzima. Mama akatuacha tubishane mpaka tuchoke halafu akauliza, nani kati yenu amemuuliza mwenyewe? Akaigiza yeye huyo mama, tukaanza kumuuliza, ilianza lini, siku ile ulikuwa wapi, na ikaja kujulikana kwamba alianza kukosa usingizi sio mume alivyooa bali wifi yake aliyekuwa anaishi naye alivyohama. Yule dada wa kona ya upweke ndo alikuwa sahihi. Hakuna slaidi ingenifundisha hilo, na nimegundua pia sisi manesi tuna haraka ya kumpa mtu jina la ugonjwa wake kabla hajamaliza sentensi.

Siku ya nne tulifanya lile swali la tisa. Wanaotumia PHQ-9, ile fomu ya kupima sonona, wanajua, maswali tisa, kila moja alama 0 mpaka 3, jumla 27, na la mwisho linauliza kama mtu amekuwa akiwaza ni heri afe au kujidhuru. Kila mtu analiogopa. Nimeona kwenye mafaili ya watu wengi, sehemu zote zimejazwa, la tisa ni sifuri sifuri sifuri, na najua kabisa halikuulizwa. Mama alitupanga mistari miwili tunatazamana, unamuuliza aliye mbele yako kwa sauti, anakujibu, unasogea kwa mwingine. Mpaka mzunguko uishe. Mwanzoni watu wanasema "huna mawazo mabaya mabaya eeh?", yani swali limeshajijibu lenyewe hapana. Anawasimamisha, anasema semeni kufa. Semeni kujiua. Neno haliui mtu, kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo ambalo hana. Baba mchungaji lilimgomea kabisa, watu kama sita wamepita mbele yake anaishia "je umewahi kuwaza ku...". Alipofika kwangu, nikamwambia shikamoo baba kwanza, tukatazamana, akaliuliza lote mpaka mwisho kwa sauti ndogo sana. Halafu akasema amezika watu miaka mingi na hilo swali hajawahi kumuuliza mtu aliye hai. Tukakaa kimya wote wawili, na hapo sikuhitaji saa ya simu.

Mama alitukumbusha pia kwamba kujaribu kujiua bado kumeandikwa kama kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, kwahiyo mtu akikujibu ndiyo ujue amekuamini na kitu kizito kuliko unavyodhani, na lazima uwe umeshapanga unampeleka wapi, nani anakaa naye usiku ule, dawa na sumu za nyumbani zinaenda kwa nani. Tukaandika kila mtu mpango wa kituo chake, na majina ya vyeo kabisa. Hicho kipande kilikuwa kifupi mno, kilistahili siku nzima.

Sasa malalamiko.

Kubwa kuliko yote limetokea siku hiyohiyo ya nne mchana. Mama alikuwa ametoka, akaachiwa mwalimu msaidizi, na yeye akabadilisha utaratibu akasema leo hatutumii kadi, kila mtu alete jambo lake la kweli. Kuna binti kwenye kikundi chetu alileta la kwake, la kweli hasa, na likafumuka lote, akalia mpaka akashindwa kupumua vizuri. Msaidizi hakuwa na mpango wowote. Alitoka naye koridoni dakika chache, akamrudisha, akasema tuendelee na ratiba, na chai ya saa kumi ikaletwa. Yule binti alilala na mi chumbani kwangu usiku ule kwa sababu hakuna aliyepanga alale na nani. Mazoezi ya aina hii yana nguvu, na kitu chenye nguvu hakiachiwi mtu asiyejua kukizima. Kozi nzima inatufundisha kumlinda mwanakikundi halafu mwanakikundi wao wenyewe hakulindwa. Mama aliporudi kesho yake aliomba radhi mbele ya wote, akakaa na yule binti saa nzima, na namheshimu kwa hilo, lakini lilikuwa limeshatokea. Kadi za kubuni zipo kwa sababu maalum, zitumike, na kama mnataka ya kweli basi mtu ajue mapema, aruhusiwe kukataa, na awepo mtu wa kumpokea.

La pili ndo lile la wiki mbili. Wale wa Masaka na Rakai walipewa wiki mbili na bado wakasimamiwa wakati wanaongoza vikundi vyao. Sisi siku tano, toa ile asubuhi ya mgeni rasmi. Wakatuahidi usimamizi wa miezi mitatu kwa grupu la Whatsapp, kila wiki unaeleza kikundi chako kimeendaje unasaidiwa. Wiki ya kwanza lilikuwa zuri sana. Ya pili mama kajibu nusu. Ya tatu watu wameanza kutuma matangazo ya harusi na hakuna mwalimu anayeonekana. Mpaka leo nina swali nimeliuliza pale lina tiki mbili za bluu na halina jibu. Tulichofanya, mi na kaka wa Sengerema na yule mwalimu wa malezi, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi Nyakato kwa dada yangu, chini ya mwembe, kila mmoja anaeleza mkutano wake mmoja uliomshinda na wengine wawili wanauigiza upya. Inasaidia sana ila sio usimamizi, wote watatu ni wapya, tukikosea tunakosea pamoja.

Mengine madogo. Mwongozo tuliopewa ulikuwa wa Kiingereza na nusu ya darasa hawakuufungua. Ukumbi uko ghorofa ya pili na hakuna lifti, kuna mshiriki anatembelea magongo alikuwa anapanda mapema kuliko wote. Chakula kizuri, sato wa kutosha.

Zoezi la siri nusura nilisahau na ni zuri mno kwa sisi wa sehemu ndogo ambako kila mtu anamjua mwenzie. Mnaigiza mmekutana sokoni. Wewe kiongozi unanunua nyanya, mwanakikundi wako yuko na mama mkwe wake, unasemaje? Ukimsalimia kwa uchangamfu mkwe atauliza mnajuana wapi. Ukimpita ataumia. Tulijaribu namna kumi. Mwisho tukakubaliana kwamba hilo swali linaulizwa kwenye mkutano wa kwanza kabisa, kila mtu aseme yeye anapenda asalimiwe vipi nje. Nlivyorudi nikawauliza wale mama, na mmoja akasema nikimkuta na watu nimpite kama simjui, na amenishukuru kwa kuuliza, mana kumbe miaka yote nlikuwa nampungia mkono barabarani na yeye anakufa kwa hofu.

Na hicho kikundi changu cha Alhamisi, wanaotaka kujua kama kuna kilichobadilika, nitaeleza siku moja tu na nimegeuza vitu ili mtu asijulikane. Mkutano wa tatu tangu nirudi, mama mmoja akasema mume wake hajui chochote, dawa anazificha kwenye ndoo ya unga. Zamani hapo ningeingia na somo la umuhimu wa kumshirikisha mwenza. Nikanyamaza, nikahamisha macho taratibu kwenda upande wa pili. Ilipita muda mrefu, kuku wanasikika nje, mtu anapiga deki koridoni. Halafu mama ambaye tangu nimjue hajawahi kusema zaidi ya jina lake akasema "mi kwenye kopo la majani ya chai". Mwingine akasema yeye ndani ya mto. Wakaanza kucheka, wanacheka na machozi yanatoka, na kwa mara ya kwanza walikuwa wanaangaliana wao, sio mimi. Tulizidisha dakika arobaini na hakuna aliyeuliza nauli.

Bei: nlilipa laki mbili na elfu themanini, chakula cha mchana ndani, malazi juu yako, na wanakubali ulipe mara mbili kwa simu. Kama kituo chako kinaweza kukulipia waombe, mana mi ilinibidi nitoe kwenye kikoba. Anayetaka kulipia kozi yoyote ya hivi awapigie kwanza aulize siku ngapi tunakaa kwenye duara na siku ngapi kwenye slaidi, nani ananiangalia nikiongoza na kwa fomu gani, mtu akizidiwa wakati wa zoezi nani anakaa naye, na baada ya cheti nani ananisimamia, kwa jina, siku gani ya wiki. Wakiwa na majibu ya hayo hata kama ni ghali kidogo nenda. Wakianza kukuambia kuhusu begi na fulana, achana nao.

Awamu ya pili wametangaza ni mwezi wa tisa, siku tatu, inahusu kufunga kikundi na kuagana, ambako sisi tuligusa saa moja tu ya mwisho watu wakiwa wameshabeba mabegi. Nimempigia mama wa Bukoba mwenyewe nikamwambia nitalipa nikishaona jina la msimamizi limeandikwa kwenye barua. Amesema ananitumia wiki ijayo.